Ridhaa ya Wakazi wa Subirini

Katika Nchi Husika hakuna mtu asiye na nyumba. Jambo hilo lilithibitishwa kisheria zamani, pale Bunge lilipopitisha kwa sauti moja kwamba nyumba ni kitu chochote ambacho mtu anaweza kusimama mbele yake akakiita nyumba bila kucheka. Waliokuwa wakilala chini ya madaraja walipewa namba za nyumba siku hiyohiyo, tena bila foleni, na mafundi wa serikali wakaja kuzipigilia kwenye nguzo. Wageni kutoka nchi za nje walikuja kujifunza. Walipiga picha, wakala pilau, wakarudi kwao wakiwa wamejifunza.

Mambo hayo yalisimamiwa na Wizara ya Makazi, Utafiti na Usomaji. Awali zilikuwa wizara tatu, lakini jengo lilikuwa na lifti moja, na mawaziri watatu walishindwa kukubaliana nani atangulie kuingia. Baada ya mwaka mzima wa kusimama pale chini, Mlezi Mkuu wa Taifa kwa huruma yake aliziunganisha, akabaki waziri mmoja, na lifti ikaharibika.

Ghorofa ya tano ya jengo hilo ndiko alikokuwa na ofisi Dakta Ombeni Kisanga, mtafiti wa masuala ya jamii. Mlangoni pake palikuwa na kibao: MAKAZI, SIASA, MAADILI YA UTAFITI, USOMAJI. Hayo ndiyo mambo aliyoyapenda, na aliyapenda kwa dhati. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mpole, mwepesi wa kusalimia, na hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri lisemwe mapema hilo, maana yatakayofuata yanaweza kumchanganya msomaji.

Kila Jumamosi asubuhi Dakta Ombeni alizungumza redioni katika kipindi chake, akisikitika kwamba wananchi hawasomi. "Mwananchi akipewa karatasi," alikuwa akisema, "kitu cha kwanza anatafuta pa kusaini. Kilichoandikwa hakijui! Jamani, tunakwenda wapi?" Watu walimpenda sana. Walimsikiliza wakichambua mchele, wakitikisa vichwa kwa ajili ya hao wananchi wengine.

Mwaka huo Waziri, Mheshimiwa Kivugo, alimwita ofisini.

"Itifaki imezingatiwa," alianza Waziri, ingawa mle ndani walikuwa wawili tu. "Dakta, upo mtaa unaitwa Subirini."

Dakta Ombeni aliujua. Miaka thelathini iliyopita watu walihamishwa kandokando ya reli, wakapelekwa kwenye uwanda mtupu nyuma ya kiwanda cha sabuni, na afisa ardhi akawaambia, "Subirini hapa, viwanja vinakuja." Wakasubiri. Katika kusubiri wakafyatua matofali, wakajenga, wakaoa na kuolewa, wakazikana. Sasa zilikuwa nyumba mia tatu na kumi na mbili, visima viwili, msikiti, kanisa, na mashine ya kusaga.

"Serikali inataka kujua wanajisikiaje," alisema Waziri.

"Kuhusu nini, Mheshimiwa?"

"Kwa ujumla."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Utafiti wa Kuridhika kwa Wakazi wa Subirini. Lakini katika Nchi Husika huwezi kumuuliza mtu swali hivihivi. Lazima upite kwanza kwenye Kamati Kuu ya Maadili ya Utafiti, iliyokuwa chini ya Profesa Nzunda, mzee mwenye maadili mengi kiasi kwamba hakumwamkia mtu kabla ya kumwomba ridhaa. "Naomba idhini yako nikusalimu," husema, na ukichelewa kujibu anapita kimya.

Dakta Ombeni alipeleka hati ya ridhaa, ile karatasi anayosaini mhojiwa kukubali kuhojiwa. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Profesa Nzunda aliishika kwa ncha za vidole.

"Ukurasa mmoja?" alisema. "Raia mnyonge kama yule, alindwe na ukurasa mmoja? Dakta, huo ni ukatili."

Kamati ikaichukua hati, ikakaa nayo wiki sita, ikairudisha ikiwa na kurasa kumi na nne za herufi ndogo kama mbegu za uwele. Kwa mujibu wa kanuni, mtafiti alitakiwa aisome yote, kisha atie saini kuthibitisha kwamba ameisoma na kuielewa. Alipewa siku kumi na nne, ukurasa mmoja kwa siku.

Siku ya kwanza alisoma ukurasa wa kwanza. Ulimpendeza. Ulikuwa na sentensi zake mwenyewe kuhusu heshima ya mhojiwa, na alizisoma mara mbili. Siku ya pili akaiweka hati kwenye mkoba. Siku zilizofuata hakuwa na kazi yoyote ya maana. Alikata kucha. Alisikiliza kanda za vipindi vyake vya zamani. Alikwenda kumtembelea fundi wa lifti. Siku ya kumi na nne karani wa Kamati alipogonga mlango, Dakta Ombeni alichukua kalamu akaandika, Nimesoma na kuelewa, akatia saini yenye mkia mrefu. Hata hakuhisi kwamba amesema uongo. Mtu anayependa kusoma kama yeye, aliona, ni kama amekwisha soma.

Asubuhi ya Jumatatu aliingia Subirini. Alielekezwa moja kwa moja kwa Bi Sikudhani, kwa sababu Subirini hakuna karatasi iliyopokelewa bila kupita kwa Bi Sikudhani. Mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, akipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, na aliweza kusoma maandishi yaliyogeuzwa kinyumenyume haraka kuliko watu wengi wanavyosoma yaliyonyooka. Barua za mahakama, vyeti vya hospitali, barua za wachumba, zote alizisoma yeye. Sebule yake ilijaa vitabu hadi dirishani. Majirani waliviazima na kuvirudisha, na asiyerudisha alisemwa kisimani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Hebu sema tena."

"Shikamoo."

"Ndiye yeye!" mtu alipiga kelele uani. "Sauti ndiyo hiyohiyo ya redioni!"

Kufumba na kufumbua ua ulikuwa umejaa. Wengine walipanda juu ya ndoo. Bi Sikudhani alimpa mgeni kiti kizuri, akamletea chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Dakta Ombeni akaeleza utafiti, akatoa hati. Mama akavaa miwani, akailamba ncha ya kidole, akafungua ukurasa wa pili.

"Niachie siku mbili," alisema. "Jumatano njoo uchukue."

"Mama, hii ni kawaida tu. Ni ya kukulinda."

"Kitu cha kunilinda kina kurasa kumi na nne?"

Uani walicheka. Dakta Ombeni alicheka pia, ingawa kicheko kilimchoma kidogo. Nyuma yake walikuwa wasaidizi wanne wenye fulana za Wizara, kila mmoja na rundo la hati, na wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Muda hautoshi, Mama. Tuna haraka kidogo."

Bi Sikudhani aliinua macho juu ya miwani. "Wewe umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Alimwangalia muda wa kutosha mtu kumeza fundo la chai. Kisha akafunga hati, akageuza hadi ukurasa wa mwisho, akasaini kwa mwandiko safi wa watu wa kiwandani. Alipoiweka kalamu chini tu, majirani wakaanza kupanga mstari. Kufikia adhuhuri nyumba zote mia tatu na kumi na mbili zilikuwa zimesaini. Baada ya hapo ndipo wakaulizwa maswali yenyewe, ambayo hayakuchukua muda. Swali la kwanza lilikuwa: Je, ungefurahi kuishi mahali bora zaidi kuliko hapa? Majibu ya kuchagua yalikuwa mawili, Ndiyo na Ndiyo Sana.

Wiki tatu baadaye Mheshimiwa Kivugo alihutubia taifa.

"Wananchi wa Subirini," alisema, "kwa hiari yao, bila kushurutishwa, wakiwa na akili timamu na kalamu za bluu, wameomba kuondoka. Serikali yenu sikivu imesikia. Baada ya siku kumi, eneo hilo litageuzwa kuwa Bustani ya Taifa ya Kusomea, yenye mabenchi. Wakazi watahamia Kijiji cha Mfano, ambako kila kaya itapata chumba kimoja na nusu."

Dakta Ombeni alikuwa anakula chungwa. Aliliweka chini, akatoa hati kabatini, akaketi kuisoma. Ukurasa wa tisa, kifungu (c), kilisema hivi: "Mhojiwa, kwa kushiriki, anaridhia kuliachia eneo la utafiti pindi utafiti utakapokamilika, ili majibu yake ya leo yasije yakaathiri tafiti zijazo." Akaendelea mpaka mwisho, akitumaini kwamba mahali fulani mbele kifungu kile kingetenguliwa na kingine. Hakikutenguliwa. Alipofunga ukurasa wa kumi na nne alitazama saa ya ukutani. Kusoma kote kulikuwa kumechukua dakika arobaini.

Masikio yalimwaka moto. Alijaribu kukumbuka siku zile kumi na nne, moja moja, apate hata moja iliyokosa dakika arobaini. Kisha akapanda ngazi mbilimbili kwenda kwa Profesa Nzunda.

"Naomba idhini yako nikusalimu," alisema Profesa.

"Profesa, ukurasa wa tisa, kifungu (c)! Nani alikiweka?"

"Kamati. Kwa maadili. Je, hukukiona?" Profesa alimwonyesha saini yenye mkia mrefu. "Hapa umeandika umekiona."

Profesa, ambaye kwa kweli naye hakuwa mtu mbaya, akashusha kanuni kutoka rafuni, akapuliza vumbi.

"Njia ipo moja. Kanuni ya thelathini na moja. Mtafiti akikiri kwa kinywa chake, mbele ya umma, kwamba hakusoma hati, ridhaa zote zinabatilika papo hapo. Tingatinga haliwezi kuwashwa."

"Mbele ya umma wapi?"

"Nasikia una kipindi redioni," alisema Profesa Nzunda.

Kabla ya siku kumi kwisha palikuwa na Jumamosi moja. Dakta Ombeni aliandika kukiri kwake kwenye karatasi, mistari mitano tu, akaikariri njiani. Aliingia studio, akavaa visikilizi, fundi akamwashia taa nyekundu. Akafungua kinywa. Akawaona wasikilizaji wake wote, wale waliomwita Dakta hata sokoni, wale waliopita na watoto wao wakawaambia, mwamkieni huyo, msomi huyo. Akafikiria namna watakavyokaa kimya, kisha namna watakavyocheka.

Akazungumza saa nzima kuhusu umuhimu wa mkato na nukta.

Dakika za mwisho simu zikafunguliwa. Wa kwanza alishukuru kwa somo la mkato. Wa pili alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito.

"Dakta, naitwa Mbaraka, msaga unga wa hapa Subirini. Tumekaa hapa kwenye redio mtaa mzima, tumezima hata mashine. Watu wanasema sisi tumesaini tuondoke. Nikawaambia ngojeni, Dakta Ombeni ni mtu wetu, alikuja, alikula mihogo hapa. Yeye atasema neno."

Fundi alionyesha vidole viwili: zimebaki dakika mbili. Dakta Ombeni alishika karatasi iliyokuwa mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho.

"Tusome, ndugu Mbaraka," alisema. "Neno langu ni hilo. Tusome sana."

"Ahsante, Dakta," alisema Mbaraka. Muziki ukaingia.

Jumanne matingatinga yalifika Subirini. Yalikuwa na vipaza sauti vilivyosema, "Habari za asubuhi, tunaomba radhi kwa usumbufu," kabla ya kila ukuta. Kwa ajili ya maadili, kila mkazi aliulizwa kama angependa kutazama nyumba yake ikibomolewa au angependa kugeuziwa kiti upande wa pili. Wengi waligeuka wenyewe. Vitabu vya Bi Sikudhani vilitolewa kwa mashuka na majirani wanane, na viwili vitatu vilianguka njiani vikapitiwa na magurudumu. Mchana mashine ya kusaga ya Mbaraka ilinyanyuliwa nzimanzima, ikawekwa kando ya barabara, ikabaki pale kama ng'ombe aliyekataa kwenda.

Dakta Ombeni aliyapata hayo gazetini. Siku nne hakula vizuri. Jumamosi iliyofuata alikwenda studio bila karatasi, akasema mwanzoni kabisa, kabla hata ya kusalimia: "Sikuisoma ile hati. Niliwaambia watu wa Subirini nimeisoma. Niliwadanganya." Akavua visikilizi, akatoka nje. Kifuani alihisi wepesi, na kwa muda wa robo saa, akitembea kwa miguu kurudi nyumbani, alijiona mtu aliyelipa.

Serikali ya Nchi Husika haipuuzi kanuni zake. Jumatatu saa mbili asubuhi ridhaa zote zilibatilishwa, na Mheshimiwa Kivugo akatoa tamko.

"Itifaki imezingatiwa. Kwa kuwa wakazi wa Subirini hawakuridhia kuondoka, basi kisheria hawakuondoka. Na kwa kuwa hawakuondoka, wangali katika nyumba zao. Nyumba hizo, kwa mujibu wa sheria, zimesimama. Serikali inawatakia maisha mema humo. Ni dhahiri kwamba mtu mwenye nyumba yake hahitaji chumba katika Kijiji cha Mfano, kwa hiyo vyumba hivyo vitagawiwa kwa wadau wengine. Tunampongeza Dakta Ombeni Kisanga kwa uwazi, na tunamtunukia Nishani ya Ukweli, Daraja la Pili."

Aliitwa jukwaani. Alitaka kuikataa, Mungu anajua. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, bendi ilikuwa imekwisha anza kupiga, na mwanamke aliyebeba nishani kwenye mto mwekundu alikuwa anamtabasamia. Aliona haya kumvunja moyo. Akainamisha kichwa, akavishwa.

Watu wa Subirini alikwenda kuwatafuta baada ya siku tatu, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe nje ya mji. Walikuwa wamefunga maturubai kwenye zizi, kila kaya kati ya mihimili yake. Karani wa Wizara alikuwa akija kila asubuhi kuwaomba warudi makwao. Alimkuta Bi Sikudhani amekaa juu ya furushi la vitabu, anatenga vilivyolowa na vilivyo vikavu.

"Shikamoo, Mama."

Safari hii hakuna aliyeitambua sauti yake, au walioitambua hawakusema. "Marahaba," alijibu Bi Sikudhani. Hakuwa na kiti cha kumpa. Dakta Ombeni akachuchumaa.

"Mama, nimekuja kusema. Siku ile uliponiuliza kama nimeisoma..."

"Nilijua hukuisoma."

Bi Sikudhani aliendelea kutenga vitabu.

"Miaka thelathini nimewaona watu wanaleta karatasi kiwandani," alisema. "Aliyesoma, ukimuuliza, macho yanakwenda mahali. Yanakwenda kwenye kile kifungu alichokisoma. Yako hayakwenda popote. Yalibaki kwangu."

"Sasa kwa nini ulisaini?"

Mama alikung'uta mchanga kwenye jalada. Kwa mara ya kwanza aliangalia pembeni.

"Ulikuwa mgeni wangu. Umekaa kwenye kiti changu, ua umejaa watu, wote wanakupenda. Nikuulize mara ya tatu? Nikwambie fungua ukurasa wowote unieleze? Niliona haya kukuumbua, baba. Nikasaini. Na hawa wote wakasaini kwa sababu mimi nimesaini." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kila asubuhi wananiamkia vilevile. Hakuna hata mmoja aliyenisema. Laiti wangenisema."

Dakta Ombeni alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Nchi Husika haipasuki bila kibali. Wakati huo Mbaraka alikuwa akipita nyuma ya mgeni na ndoo ya maji, akasimama.

"Bi Sikudhani, huyu ni nani?" aliuliza kwa sauti ileile nzito ya kwenye simu.

"Mgeni wangu," alisema mama upesi. "Amekuja kunisalimu."

Alikuwa anamfunika tena. Dakta Ombeni aliliona hilo, na likamuuma kuliko maneno yote aliyokwisha kusikia. Akasimama.

"Mimi ni Ombeni, ndugu Mbaraka. Mimi ndiye niliyewaambia mama na ninyi nyote msaini. Ulinipigia simu, ukaomba neno. Neno nilikuwa nalo mfukoni, nikalinyamazia. Yeye hana kosa lolote. Kosa ni langu peke yangu."

Watu walianza kutoka chini ya maturubai. Walimzunguka kama walivyomzunguka mara ya kwanza, isipokuwa hakuna aliyepanda juu ya ndoo. Alingojea matusi. Alikuwa ameyatayarishia kifua chake tangu asubuhi. Mbaraka aliiweka ndoo chini polepole, maji yasimwagike, akajifuta mikono.

"Bi Sikudhani aliomba siku mbili tu," alisema. "Ukasema una haraka. Mimi nilikuwepo, nimesimama pale mlangoni. Nataka kukuuliza tu, Dakta. Ulikuwa na haraka ya nini?"

Dakta Ombeni alitafuta. Alitafuta ratiba, agizo la Waziri, wasaidizi wanne, chochote ambacho mtu mzima angeweza kukipokea. Alirudi nyuma mpaka asubuhi ile, mpaka kwenye kiti kizuri na kikombe cha chai, akapekua kila kona yake. Mtoto mchanga alilia chini ya turubai, akabembelezwa, akanyamaza. Watu walingoja.

"Sikuwa na haraka," alisema. "Jumanne na Jumatano sikuwa na kazi. Nilikaa tu."

Mbaraka aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Akainama, akachukua ndoo yake, akaenda zake. Na wengine, mmoja mmoja, wakarudi kwenye shughuli zao.